Korongo Aliyemfukuza Mwanawe

Kariakoo si mahali pa kununia. Ukitaka kununa vizuri, kwa nafasi, uegemee ukuta na kutazama mbali, nenda Posta ukatafute kivuli. Mtaa wa Kongo ukisimama umekunja uso, mwenye mkokoteni atakupigia kelele "Dada, mguu!", mwenye kipaza sauti atakutangazia mashuka sikioni, na mteja atakushika mkono akuulize bei ya kitu usichouza. Lakini wiki ile Sabaha alinuna, akanuna papo hapo, katikati ya hotipoti na masufuria, mpaka jirani zake wakaanza kuulizana kafiwa na nani.

Hakufiwa na mtu. Alikuwa ameambiwa aondoke.

Sabaha alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Msimbazi, mnene wa wastani, mwenye sauti inayosikika hata kipaza sauti kikiwashwa. Miaka kumi na ushee aliuza vyombo katika duka la Mama Candida, na ukweli usemwe, alikuwa na kipaji. Mwanamke alikuja kutafuta birika moja, akaondoka na seti ya vikombe, chujio, na mwaliko wa kicheni pati ya mdogo wake Sabaha. Wateja walimwita "shoga yangu" kabla hawajamjua jina. Kuna waliokuja dukani bila shida ya chombo chochote, wakae tu kwenye kigoda wacheke, na hao nao hawakuondoka mikono mitupu.

Mama Candida mwenyewe, mwenye duka, alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Mchaga wa Kibosho, mrefu, kilemba kimebana, maneno machache kama anayalipia ushuru. Alimchukua Sabaha akiwa binti aliyefeli mtihani, akamfundisha kugonga sufuria kwa kidole na kusikiliza kama ni zito au ni bati, akamfundisha kutomdanganya mteja hata siku biashara imelala. Kumsifu hakuwahi. Sabaha akiuza sana, Mama Candida aliagiza chipsi mayai mbili badala ya moja, wakala kimya, na hiyo ndiyo ilikuwa pongezi.

Basi Jumatatu asubuhi, kabla hata shata la duka la pili halijapandishwa, mama yule akasema:

"Sabaha."

"Abee, mama."

"Mwezi ujao hapa hutakuwepo. Nimepata binti wa kukaa hapa. Wewe utakwenda Gerezani, kuna fremu ya duka nimeshailipia kodi. Mzigo utachukua kwangu kwa mali kauli. Jumamosi unipe jibu."

Akageuka kumhudumia mteja wa mabakuli.

Sasa, mtu mwingine wa Kariakoo angeyasikia maneno hayo akaangua vigelegele. Mali kauli ni mzigo anaopewa mtu kwa neno lake tu, auze kwanza, hela alete baadaye, na hapewi mtu hivi hivi. Kwa wafanyabiashara wa kule kwao Mama Candida, aliyekulea kazini haji kukuambia kwamba anakupenda. Siku ikifika anakufungulia duka, na ameshasema yote. Lakini kwao Sabaha, watu wa Pwani, mtu akiondoka kwa heri anasindikizwa: kuna ubani, kuna dua, kuna shangazi anayelia kwa sauti na mwingine anayemnyamazisha kwa sauti kubwa zaidi. Anayeambiwa "ondoka" kwa sentensi moja ni aliyekosa. Kwa hiyo katika maneno yote yale Sabaha alisikia manne ya mwanzo tu: mwezi ujao hapa hutakuwepo. Yaliyobaki aliyachukulia kama kanga ya kufunikia aibu.

Akaanza kutafuta kosa lake. Alilitafuta Jumatatu nzima na Jumanne. Ile hotipoti ya maua iliyopasuka mfuniko akasingizia panya? Ile ndizi ya Mama Candida aliyokula siku ya mvua? Au zile simu ndefu za dada yake wa Tanga? Kila alichokumbuka kilikuwa kidogo, na udogo wake ndio ulimuuma, maana aliona amefukuzwa bila hata kuambiwa kwa nini. Tena Gerezani, kwenye vipuri vya magari! Nani ataacha kutafuta pampu ya gari akanunue seti ya glasi?

Hapo shetani naye hakukaa mbali. Mwenye duka la vyombo la fremu ya tatu alikuwa amemwambia zamani, "Siku ukichoka hapo, njoo kwangu, njoo na wateja wako." Jumatano Sabaha akamtazama yule bwana mara mbili. Jumatano jioni alikuwa ameshaamua. Jumamosi atamjibu Mama Candida kwa sentensi moja kama alivyoambiwa yeye, kisha atahamia fremu ya tatu, na mashoga zake wote atahama nao. Na huyo binti mpya abaki na mabirika yake.

Ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka Alhamisi.

Ng'ambo ya mtaa, mkabala na duka lao, palikuwa na duka la televisheni la kijana mmoja aitwaye Anuari. Anuari hupanga runinga zake hadi nje, na ili wapita njia wauone uzuri wa rangi, huziwekea katuni kutwa nzima. Sauti hakuna anayeisikia, kwa sababu ya vipaza sauti vya mtaa. Alhamisi hiyo Sabaha alikuwa amemshikia mteja hotipoti mkononi, anamweleza jinsi pilau inavyokaa ndani yake na moto wake, mara akanyamaza katikati ya neno. Kwenye runinga kubwa kuliko zote alikuwa amesimama korongo mweupe juu ya paa la mnara, na kando yake kifaranga mwenye shingo ndefu na magoti ya kugongana.

"Tunu!" Sabaha akasema.

"Mimi naitwa Mwanaidi," mteja akasema.

"Si wewe, shoga yangu. Yule."

Filamu hiyo aliiona akiwa msichana wa darasa la pili, katika banda la video la Msimbazi, amebanana na wenzake kwenye benchi. Enzi hizo katuni za kigeni hazikuangaliwa hivi hivi. Kila banda lilikuwa na mtafsiri wake, anakaa pembeni ya runinga na kipaza sauti, picha zikienda yeye anaeleza kwa Kiswahili nani kasema nini. Mtafsiri wa banda lao aliitwa Haruna, na watoto walimwona msomi wa dunia. Ni Haruna aliyewaambia kwamba kifaranga yule anaitwa Tunu na mama yake ni Bi Makucha. Ni yeye aliyewaeleza kuwa ule weupe unaoanguka kutoka mbinguni ni sabuni ya unga, kiwanda cha jirani kimepasuka. Na ni yeye aliyesimulia mkasa wenyewe: kwamba Tunu alikuwa mdokozi, amekula dagaa wa jirani, Bi Makucha akagundua, akamdonoa, akamsukuma kutoka kwenye kiota huku akifoka, "Nenda! Toka leo sikujui, hunijui!" Sabaha alirudi nyumbani akaosha vyombo bila kuagizwa, na kwa siku kadhaa hakugusa mboga kabla ya kupakuliwa.

Tangu hapo hakuiona tena. Sasa alikuwa anaiona bila Haruna, bila sauti, na kwa macho ya mtu mzima. Na kila alivyozidi kutazama, ndivyo dagaa walivyozidi kutoonekana.

Hakuna jirani aliyeibiwa. Hakuna udokozi. Palikuwa na makorongo wengi wanaojiandaa kwa safari, baridi inakuja, majani yanapukutika. Mama korongo alikuwa na bawa moja limeteguka, linaning'inia, na kifaranga amemng'ang'ania hataki kuruka na wenzake. Mama anamdonoa, ndiyo, lakini akimdonoa anageuza uso pembeni. Anamsogeza ukingoni. Theluji imeanza. Kundi linazunguka mnara mara ya mwisho...

Na hapo runinga ikazimika. Ilikuwa imenunuliwa. Bwana mmoja wa Mbagala alikuwa ameshailipia, vijana wa Anuari wamechomoa waya, wanaiingiza kwenye boksi pamoja na Tunu wake.

"We Anuari!" Sabaha akapiga ukelele uliovuka mtaa. "Si ungesubiri aruke!"

Anuari alidhani kagongwa mtu.

Usiku ule, na asubuhi yake, Sabaha hakuwa tena na hasira iliyonyooka. Ilikuwa imepinda kidogo, na hasira iliyopinda ni kazi kubwa kuibeba. Ijumaa, maduka yalipofungwa kwa muda wa sala, hakwenda kula. Alishika njia ya Gerezani kwa miguu. Alikuwa amesikia kwamba Haruna wa banda la video yu hai na anatengeneza feni huko.

Alimkuta kwenye kibaraza, kazungukwa na mapanga ya feni, mvi kichwani, mdomo ule ule.

"Shikamoo, anko Haruna."

"Marahaba, mwanangu. Feni iko wapi?"

"Sina feni. Mimi Sabaha, mtoto wa Bi Nasma wa Msimbazi. Nimekuja kuhusu Bi Makucha."

Haruna alifikiri. Kisha akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka. "Yule korongo! Bado mnaye?"

"Anko, yule mtoto aliiba dagaa wapi? Nimeitazama jana, hakuna dagaa hata mmoja."

"Dagaa niliwatia mimi."

"Ukawatia kwa nini?"

Haruna akavuta kigoda, akamkaribisha, akaanza kueleza kwa mikono yote miwili. "Sikiliza. Kwanza lugha ile sikuijua. Sijui ni Kirusi, sijui ni Kicheki, mimi nilikuwa naangalia midomo nabuni. Watafsiri wote wa mjini ndio tulivyofanya, na aliyekwambia anajua anakudanganya. Pili, siku ile akina mama wa mtaa walikuja kunifungia banda. Watoto hamwendi chuoni kusoma Kurani, mnakuja kwangu. Mama yako mwenyewe alikuwa mbele, kashika mwiko. Nikawaambia, mama zangu, ingieni muone, humu tunafundisha adabu. Wakakaa nyuma. Sasa ningefanyaje? Picha inaonyesha ndege anamsukuma mwanawe. Nikaona hapa ndipo pa kujiokolea. Nikampa mtoto kosa!"

"Na mama zetu?"

"Walipiga makofi! Banda langu likaishi miaka mingine mingi."

Sabaha alicheka, akajikuta analia kidogo, akajifuta kwa ncha ya mtandio. Miaka yote ile alikuwa amebeba fundisho la korongo yule kichwani, kumbe fundisho lenyewe lilitungwa kwa kuuogopa mwiko wa mama yake.

"Ila mwisho ulinishinda," Haruna akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Pale mtoto ameshaondoka. Yule mama anabaki amekaa tu kwenye kiota. Picha haitembei. Anakaa, anakaa. Nilikosa neno, na watoto mkaanza kupiga miluzi. Nikasema, Bi Makucha kalala, kachoka kufoka. Lakini mwanangu, hakuwa amelala. Macho yalikuwa wazi."

Watu walikuwa wanamiminika kutoka kituo cha mabasi ya mwendokasi, wanapita mbele yao kwa makundi.

"Na hapa," Haruna akaongeza, akirudia bisibisi yake, "ukitaka chupa ya chai mpaka uende Kongo. Watu wote hawa, hakuna anayewauzia hata kikombe. Kuna fremu pale kona imepakwa rangi juzi. Alikuja mama mmoja mrefu, kilemba kimebana, akasimama hapo siku tatu anahesabu wapita njia. Haongei na mtu."

Sabaha aliitazama ile fremu. Rangi ilikuwa ya kijani kibichi, ile anayoipenda yeye, ambayo Mama Candida siku zote huiita rangi ya zahanati.

Alirudi Kongo karibu mbio. Akaingia kwa Anuari, akamwambia amwekee ile katuni tangu pale mama anapomsukuma mtoto, na asithubutu kuuza runinga yoyote mpaka iishe. Anuari, ambaye alikuwa amenunua seti yake ya harusi kwa Sabaha na anajua ukali wake, alitii. Hata kiti alimpa.

Kifaranga akaanguka kutoka mnarani, akaanguka, akafungua mabawa. Kundi likampokea. Zamani Sabaha na wenzake walikuwa wakishangilia hapo, wanamfuata Tunu kwa macho, na Haruna anapiga porojo juu yake. Safari hii Sabaha hakumfuata Tunu. Alibaki na mama. Korongo yule alikuwa amekaa kwenye kiota, bawa moja limelala, theluji inamjaa mgongoni, anatazama upande ule ule. Mchoraji alikuwa amemwacha hapo muda mrefu mno, bila kumfanyisha chochote, ila mara moja tu: mama alijisogeza, akaacha nafasi ya mtu mmoja pembeni yake, kisha akaiangalia ile nafasi.

Msimu ulipogeuka na theluji ikayeyuka, kifaranga alirudi, amekuwa mkubwa, akatua pale pale. Haruna alikuwa amewaambia amekuja kuomba radhi. Lakini hakuomba chochote. Alikaa tu.

"Dada, unalia katuni?" Anuari akauliza.

"Nyamaza, Anuari. Ulishawahi kuangalia hii?"

"Kila siku."

"Hujaiangalia."

Alimwonea huruma korongo, akajionea haya mwenyewe. Wiki nzima alikuwa anatafuta kosa lake, anapiga hesabu za fremu ya tatu, na hata mara moja hakumtazama usoni mwanamke aliyesimama siku tatu kwenye jua la Gerezani kwa ajili yake.

Jumamosi asubuhi Mama Candida alikuwa anapanga sufuria, kubwa chini, ndogo juu. Hakugeuka.

"Jibu?"

"Naenda Gerezani, mama. Na ahsante. Ila nina swali."

"Kodi nimelipa miezi sita."

"Si kodi."

"Mzigo wa kwanza utakwenda na kigari cha kirikuu, nimeshaongea na dereva."

"Si mzigo, mama." Sabaha, ambaye hakuwahi kukosa neno mbele ya mteja yeyote, alilitafuta hili kwa shida. "Nikiondoka, wewe utabaki na nani?"

Mama Candida alikuwa ameshika mfuniko, anaufuta. Mfuniko ulikuwa safi. Akaendelea kuufuta. Halafu akakaa juu ya katoni ya vikombe, jambo ambalo siku zote huwakataza watu kulifanya.

"Candida alikwenda utawani," akasema. "Hakuniuliza. Kaka yake akaenda Mwanza na mke wake, hakuniuliza. Ndugu zangu wote wananiuliza biashara inakwendaje." Kilemba kilikuwa kimelegea kidogo upande mmoja, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, mtu mzima yule, mbele ya mtaa wote. "Huyo binti mpya haongei. Nimemchagua kwa sababu haongei. Nikaona akiongea nitakuwa nalinganisha."

Sabaha alikaa naye kwenye katoni. Ilibonyea.

"Nitakuwa nakuja, mama. Kila Jumapili baada ya misa yako nitakuja kukupigia kelele."

"Uje." Mama Candida akajifuta kwa lile lile tambara la vyombo. Kisha akamtazama kwa mashaka, kama anavyotazama sufuria asiyoiamini. "Nani kakwambia uniulize hivyo? Wewe hujawahi kuniuliza jambo la maana tangu nikujue."

"Nimeona kwenye katuni."

"Kwenye nini?"

"Katuni, mama. Ya korongo."

Mama Candida alicheka. Miaka kumi na ushee Sabaha hakuwahi kumsikia akicheka kwa sauti, na kumbe alikuwa na kicheko kibaya sana, cha kukoroma, kilichomfanya mwenye mashuka azime kipaza sauti chake ageuke kutazama.

"Haya nenda kaangalie fremu yako," akasema akisimama, akiivuta katoni iliyobonyea pembeni. "Nenda, kabla sijaghairi."